Nimebadilisha pedi za hedifoni sauti imegeuka kabisa, sa ntazilinganishaje na nyingine?

Mtegasikio

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa wenye uzoefu maana nimekwama na sitaki kuamua kitu kwa kubahatisha. Nina Sennheiser HD 650, nimekaa nazo miaka mingi, ndo hedifoni zilizonifundisha kusikiliza muziki, najua hadi pumzi za waimbaji ninaowapenda zinavosikika humo ndani. Sasa kuna rafiki yangu ana HiFiMAN Arya, kakubali kuniachia wiki mbili nizilinganishe na zangu, nikizipenda tutaongea. Nikaona kabla hajanipa ngoja kwanza zangu nizirudishe kwenye hali nzuri maana pedi zilikuwa zimelala kabisa, sponji imekuwa nyembamba kama kitambaa na sikio linagusa kule ndani.

Basi badala ya kuchukua pedi zake zilezile za mahameli nikachukua za watengenezaji wengine, za ngozi ya kondoo, nene, laini, ukizitazama tu unazipenda. Na kuzivaa ni raha kweli. Ila wimbo wa kwanza tu nikashtuka. Mwimbaji karudi nyuma kama anaimbia chumba cha pili mlango umeegeshwa, besi imevimba, steji (ule upana unaohisi muziki unatokea) imepanuka lakini katikati hakuna mtu. Halafu kuna jambo lingine, upande wa kushoto trebo (zile sauti za juu) naisikia kali kidogo kuliko kulia, zile s zinachoma upande mmoja.

Naomba kujua, kweli pedi tu zinaweza kugeuza sauti kiasi hiki au mimi nilishazoea zile zilizolala? Na kama zinageuza, nikizipambanisha na Arya zikiwa hivi si ntakuwa nalinganisha pedi badala ya hedifoni?

---

fundi_draiva

Mkuu masikio yako hayana tatizo. Watu wengi wanaichukulia pedi kama foronya ya mto, ikichakaa unavalisha nyingine, wakati ile ni sehemu ya spika yenyewe kama lile boksi la gitaa lilivyo sehemu ya gitaa. Ukivaa hedifoni, kati ya draiva (kile kispika cha ndani kinachotoa sauti) na kichwa chako kunabaki kachumba kadogo ka hewa na kuta za hako kachumba ndo pedi, kwahiyo ukibadilisha kimo cha kuta, au upana wa tundu linalomeza sikio, au kitu zilichotengenezewa, umejenga chumba kingine na draiva ileile itaimba tofauti.

Anza na unene. Pedi nene inasogeza draiva mbali na sikio. Sikio la binadamu lenyewe linakuza masafa ya karibu na 3 kHz, ndo maana hedifoni nzuri huwa na kilima maeneo hayo kwenye grafu ili tuisikie sauti ya mtu kama tunavyoisikia akiwa mbele yetu. Ukisogeza draiva hata milimita chache, na sikio likabadilisha pembe yake mbele ya draiva, kile kilima kinashuka au kinahama, na hapo ndo uwepo wa mwimbaji unapokaa. Wewe umesema karudi chumba cha pili, mimi nasema eneo la 2 kHz mpaka 4 kHz limezama, ni kitu kimoja.

Halafu kuna kuvuja. Mahameli yanapitisha hewa, ngozi haipitishi. HD 650 zilitengenezwa zikiwa na mahameli kichwani mwa aliyezichora, yaani kule kuvuja kumehesabiwa, ndo maana besi yake ina kinundu pale juu kidogo ya 100 Hz halafu inateremka ukienda chini. Ukiziba kwa ngozi hewa haina pa kutokea, besi inaongezeka, na besi ikiongezeka wakati huohuo sauti za kati zimepungua utasikia kama mtu katupia blanketi. Na juu kabisa, kwenye trebo, kitambaa kinameza mawimbi yanayogonga kuta za ndani wakati ngozi nyororo inayarudisha, ndo unapata vile vipande vinavyochoma na vingine vimepotea. Kuna pedi za ngozi yenye matundu madogomadogo upande wa ndani, zile ziko katikati kwa sababu sauti inaifikia sponji nyuma ya ngozi na inamezwa humo.

Kuhusu zile zilizolala, nazo zilikuwa zinakudanganya, ila pole pole miezi na miezi, ndo maana hukustuka. Sikio lilikuwa linakaribia draiva kila mwaka. Kwahiyo usizifanye kipimo. Kipimo chako ni pedi za asili zikiwa mpya, basi.

Hilo la kushoto kuwa kali silielewi bado, pedi zote mbili si ni pea moja? Badilisha waya kushoto kulia kwanza uone kama linahama, waya wa 650 unachomoka pande zote mbili.

---

BintiMiwani

Naongezea la miwani maana wengi hawalisemi. Mimi navaa miwani muda wote na nilisumbuka miezi nikidhani hedifoni zangu za plana (zile ambazo draiva yake ni utando mpana mwembamba kati ya sumaku) hazina besi. Kila mtu anasifia besi ya plana inashuka moja kwa moja mpaka chini kabisa mimi nasikia kitu chembamba. Kumbe mkono wa miwani unainua pedi juu ya sikio, panabaki upenyo mdogo tu kama wa unyasi, na upenyo ule unatosha kuimwaga besi yote ya chini. Siku nilipovua miwani nikalala kitandani nikasikiliza nikaelewa watu walikuwa wanasema nini.

Ukitaka kuona hili mwenyewe Mtegasikio, utakapopewa hizo Arya, nazo ni plana, weka wimbo wenye besi ndefu, halafu ingiza penseli kati ya pedi na shavu. Fanya hivohivo kwenye 650 zenye mahameli. Kwenye 650 tofauti itakuwa ndogo zaidi kwa sababu zilikuwa zinavuja tayari, kwenye plana utasikia sakafu inaondoka. Zilizofungwa nyuma ndo mbaya kabisa kwa hili, zile bila kuziba vizuri hakuna besi kabisa.

Kwahiyo watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu hedifoni moja na wote wakawa wakweli. Nywele nyingi, ndevu, mfupa wa taya ulivyokaa, vyote vinaingia kwenye kuziba. Mimi siku hizi navaa miwani ya mikono myembamba laini na pedi zenye sponji inayobonyea, ile wanaiita memory foam, inajaza pembeni ya mkono wa miwani. Si kamili ila besi imerudi.

---

kaka_ikwalaiza

Jamani mbona tunajitesa, kuna ikwalaiza siku hizi, unapandisha na kushusha besi au trebo utakavyo. Weka programu ya Equalizer APO kwenye kompyuta, nenda AutoEq (mkusanyiko wa masahihisho ya hedifoni mtandaoni) utafute HD 650, unapata namba zote za kuipeleka kwenye lengo la Harman (grafu ya sauti ambayo utafiti ulionyesha wasikilizaji wengi wanaipenda), unabandika, kazi imeisha. Ngozi au mahameli haitajalisha tena.

---

fundi_draiva

@kaka_ikwalaiza hapo nakupinga kabisa na nakuomba usome hili kwa utulivu kwa sababu ni kosa ambalo hata mimi nililifanya. Zile namba za AutoEq zimepatikana kwa kupima HD 650 zikiwa na pedi zake za asili. Yeye sasa hivi hana HD 650 hiyo. Ana draiva za 650 ndani ya chumba kingine. Akibandika zile namba anasahihisha makosa ambayo hayapo na yale yaliyopo yanabaki, pengine yanaongezeka. Ikwalaiza inafanya kazi nzuri sana, mimi mwenyewe siiachi, lakini lazima ujue unasahihisha nini.

Na kuna vitu haiviwezi. Besi inayovuja kwa sababu ya miwani utaongeza desibeli leo, kesho umevaa vingine kidogo, sasa imezidi. Ukipanda juu ya kama 8 kHz huko, milima na mabonde yanategemea hedifoni zimekaa wapi kichwani, ukisogeza nusu sentimita ramani imebadilika, kwahiyo kusahihisha bonde jembamba la kule juu ni kukimbiza kivuli. Pedi nzuri inayokaa palepale kila siku ndo inaifanya ikwalaiza iwe na maana.

---

kaka_ikwalaiza

Nimekuelewa mkuu, hilo la namba kupimwa na pedi za asili sikuwahi kulifikiria, nilikuwa nazichukulia kama ni za hedifoni tu. Nina Beyerdynamic DT 990 nilizozivalisha ngozi mwaka jana na nikawa nabandika namba za AutoEq nikishangaa kwa nini mbaya. Narudisha mahameli yake leo.

---

Zeze_la_kale

Anayetaka ushahidi kwamba pedi ni sehemu ya sauti aangalie watengenezaji wenyewe wanafanya nini. Beyerdynamic walipotoa DT 1990 Pro waliweka ndani ya boksi pea mbili za mahameli, moja wameiita ya uwiano na nyingine ya uchambuzi. Ukizitazama kwa mbele zinafanana, geuza nyuma ndo unaona matundu ya kupitishia hewa hayalingani, na hayo matundu tu yanabadilisha besi kiasi kwamba wamezipa majina tofauti. ZMF wa Chicago nao wanauza pedi za aina nyingi kwa hedifoni zao na wateja wao wanazichagua kama mpiga gitaa anavyochagua nyuzi. Focal kwenye Utopia na Clear wametumia pedi zenye matundu, si mapambo yale, ukizivalisha pedi zisizo na matundu ile trebo nzuri inapotea njia.

Kuhusu kulinganisha, nimefanya hili mara nyingi na nakusihi ufuate mambo machache hata kama yatakuchosha. Kila hedifoni ivae pedi zake za asili, zisizolala. Pedi mpya uzivae siku kadhaa kwanza kwa sababu sponji ikiwa mpya inakuwa ngumu na inakuweka mbali na draiva, ikishapata joto la kichwa chako inatulia.

Kisha sauti ziwe sawa kwa nguvu. Hapa ndo watu wengi wanajidanganya. Inayolia kwa desibeli moja zaidi utaiona ni nzuri zaidi, hutaiona ina sauti kubwa zaidi, utasema ina uhai, ina undani, ina steji. 650 ukinzani wake wa umeme ni ohm 300 na Arya ni chini mno ya hapo kwahiyo kitufe cha ampu kwenye alama ileile kitakupa sauti mbili tofauti kabisa. Kata kadibodi, toboa tundu la kuingia maiki ndogo, bana pedi juu ya kadibodi, piga kelele ya waridi (pink noise, ile inayofanana na mvua), pima, weka alama kwenye kitufe kwa kila moja.

Na ampu iwe moja, tena isiwe ya valvu (zile taa za kioo). Ile 650 ohm zake si 300 kila mahali, zinapanda sana pale kwenye besi ya karibu na 100 Hz, kwahiyo ampu yenye ohm nyingi kwenye mlango wake wa kutolea sauti inainenepesha besi ya 650 na haifanyi hivyo kwa plana kwa sababu plana ohm zake ni tambarare. Utamsifu ampu ukidhani unamsifu draiva.

Mwisho usisikilize moja leo nyingine kesho. Kumbukumbu ya sauti inayeyuka haraka kuliko tunavyopenda kukubali. Kipande cha sekunde 20, badilisha, kipande kilekile.

---

Mtegasikio

Wakuu asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Nimeagiza pedi za asili za mahameli, nimebadilisha waya kama alivosema fundi_draiva na ule ukali umebaki kushoto, haukuhama. Ntarudi.

---

Mtegasikio

Nimerudi, zimepita wiki tatu samahanini kwa kimya.

Pedi za mahameli zilikuja, nikazivaa siku tano kama Zeze alivosema kisha nikamfuata rafiki yangu nikachukua Arya. Kwanza niseme la mahameli. Nilipozivalisha mara ya kwanza mwimbaji alirudi pale mbele yangu, nilikaa kimya dakika nzima. Ila haikuwa kama zile zilizolala pia, na hili ndo limenifundisha zaidi, zile za zamani nilizozipenda zilikuwa na ukungu fulani ambao nilidhani ndo tabia ya 650. Miaka yote nawaambia watu 650 ina giza kumbe nusu ya giza ilikuwa sponji yangu iliyochoka.

Arya sasa. Nilifanya ya kadibodi, nikaweka alama mbili kwenye kitufe, nikajaribu vipande vifupi. Besi ya Arya inashuka mahali ambapo 650 haifiki, si kwamba ni nyingi, ni ndefu, ukisikia ngoma kubwa unasikia na chumba kilichopigiwa. Penseli ya dada BintiMiwani niliijaribu, ni kama alivosema, sakafu inaondoka. Steji ni kubwa kweli, na pedi zake nimezikagua, nyuma nene mbele nyembamba kwahiyo draiva inakaa kwa pembe kama spika zilizogeuzwa kukutazama, nje ngozi bandia lakini panapogusa uso ni kitambaa. Nikajua hapa mtu alikaa akafikiri, hizi sitazigusa wala sitazibadilisha.

Lakini kwenye sauti ya mtu, mtu mmoja na gitaa, 650 zenye mahameli mapya zinanigusa zaidi. Nimerudia usiku tatu, nikambandika hata rafiki yangu bila kumwambia ipi ni ipi ingawa kwa uzito mtu anajua tu, naye kwa nyimbo za namna hiyo akaelekea 650. Kwa muziki wa vyombo vingi hakusita, akachagua Arya moja kwa moja na mimi nakubaliana naye. Na ningelinganisha na zile pedi za ngozi ningezirudisha 650 zangu kwenye boksi nikanunua Arya nikiamini nimepima. Hilo linanisumbua mpaka leo, watu wangapi wameuza hedifoni nzuri kwa sababu ya pedi.

Kilichobaki ni kushoto. Bado kuna ukali kidogo. Umepungua na mahameli ila upo.

---

BintiMiwani

Ulipima masikio yako mwenyewe? Geuza hedifoni, kushoto ivae kulia, usikilize kwa muda mfupi.

---

Mtegasikio

Nimegeuza dada, ukali umehamia sikio la kulia. Kwahiyo ni hedifoni, si mimi.

---

fundi_draiva

Mkuu subiri. Ulipovua zile pedi zilizolala, ile sponji ya duara nyembamba nyeusi inayokaa mbele ya draiva, chini ya pedi, uliirudisha pande zote mbili? Ile nayo inameza trebo kidogo, imewekwa makusudi. Na ikizeeka inakuwa unga, mara nyingi inang'oka na pedi bila mtu kuona.

---

Mtegasikio

Nimefungua sasa hivi. Kulia ipo. Kushoto hakuna kitu, naiona draiva wazi kabisa nyuma ya wavu wake.

Nimekwenda kwenye boksi nilikohifadhi zile pedi za zamani, ya kushoto nimeigeuza, sponji imeganda nyuma yake, nusu imeshakuwa unga. Kwahiyo tangu nilipovalisha ngozi mpaka nimemaliza kulinganisha na Arya upande mmoja ulikuwa hauna sponji. Rafiki yangu nimemwandikia anibakizie Arya wiki moja zaidi, naagiza sponji mbili mpya nizibadilishe zote pamoja, halafu kadibodi na vipande vya sekunde 20 vinaanza upya.

---

Zeze_la_kale

Ukizipata, safisha kwanza ule unga kwa brashi laini kavu, usipulize kwa mdomo, na hedifoni ziangalie chini ili uchafu usiingie kwenye wavu. Tunasubiri majibu.